Chombo kikizama katikati ya ziwa, nani anaitwa kwanza?

Na Mwandishi wa Masuala ya Kanda

Mfanyabiashara anayenunua dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, anajua bei ya gunia ya siku hiyo, anajua ushuru utakaomkuta mpakani na lori litakalomfikisha Rusumo. Yule wa Kisumu anayeuza bidhaa za viwandani Kampala anajua gharama ya kontena kwa barabara na gharama yake kwa meli hadi Port Bell. Kitu ambacho wengi wao hawakijui ni hiki: chombo kilichobeba mali yao, na pengine wao wenyewe, kikipata ajali katikati ya maji, simu inalia wapi kwanza, na boti ya nchi gani inawasha injini?

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda inashika sehemu kubwa ya nusu iliyobaki, na Kenya ina kama asilimia 6. Mipaka hiyo humo majini ni mistari ya kwenye ramani tu. Chombo kilichozimika injini usiku hakisimami kwenye mstari kusubiri nchi husika; kinakwenda upepo unakokipeleka, na saa mbili baadaye kinaweza kuwa mali ya kituo kingine cha polisi kabisa.

Ndiyo maana mpango wa dharura wa ziwa hili hauwezi kuwa wa nchi moja. Na ndiyo maana pia mpango huo umechukua miaka mingi kuliko ulivyostahili.

Orodha zilizopotea

Asubuhi ya 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, baada ya kutoka Bukoba na kupitia Kemondo. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Idadi ya waliokufa inayotajwa ni kati ya 800 na 1,000, na tofauti hiyo ya mamia ya watu ndiyo inayopaswa kumshtua msomaji. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa kwenye orodha, wapatao 443. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Na daraja la tatu ndilo la wachuuzi, la mama wa ndizi, la kijana mwenye mzigo wake wa kwanza.

Ajali ile iliacha funzo la pili, chungu zaidi. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Tumbo lake lilibaki juu ya maji, na ndani mlikuwa na watu walio hai. Bati lilipotobolewa ili kuwatoa, hewa iliyokuwa imefungiwa ndani, ile iliyokuwa ikiishikilia meli isizame, ikapata njia ya kutokea. Meli ikazama. Waliotoboa walitaka kuokoa. Walichokosa ni utaalamu na vifaa, na mtu wa kuwaambia wasubiri. Wapiga mbizi wa jeshi la majini walitoka Afrika Kusini, na walipofika, kazi iliyobaki ilikuwa ya kutoa miili.

Miaka 22 baadaye, 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa mita chache kutoka gati la Ukara, kikitokea Bugolora, Ukerewe. Ilikuwa siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walifikia 228, na waliookolewa walikuwa 41. Mmoja wa walionusurika, fundi wa kivuko, alitolewa akiwa hai siku mbili baada ya ajali, baada ya kujihifadhi kwenye chumba kilichobaki na hewa. Kabla ya hapo, uokoaji ulikuwa umesimamishwa usiku kwa sababu ya giza.

Msomaji ataona kwamba mambo mawili yamejirudia. Kwanza, hakuna aliyejua kwa hakika ni watu wangapi walikuwa ndani. Aliyekata tiketi alikufa, na rekodi zake zikapotea pamoja naye. Pili, watu walikuwa hai ndani ya chombo kilichopinduka wakati walio nje hawakuwa na taa, hawakuwa na wapiga mbizi wa kutosha, wala hawakuwa na mpango ulioandikwa wa nini kifanyike giza likiingia.

Orodha ya abiria inaonekana kama karatasi ya kumsumbua mchuuzi. Kwa waokoaji ndiyo hesabu yenyewe. Kamanda asiyejua kama anatafuta watu 100 au 300 hajui aite boti ngapi, hajui asimamishe lini, na hajui hospitali iandae vitanda vingapi. Kwa familia, jina lisilokuwa kwenye orodha ni kesi ya miaka: hakuna cheti cha kifo, hakuna mirathi, hakuna fidia, akaunti ya benki inabaki imefungwa.

Hapo wafanyabiashara wa mipakani nao wana lao la kujibu. Wengi hupanda mitumbwi ya mbao kwenye mialo isiyo rasmi kwa sababu wanataka kukwepa foleni ya bandarini au ushuru. Lakini kwa mizigo isiyozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, na bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama hupita kwa cheti hicho bila ushuru wa forodha. Kodi nyingine na ada ndogondogo zinabaki, hilo ni kweli, na baadhi yake ni kero. Hata hivyo mchuuzi anayesafiri saa nane za usiku ili asionekane na afisa wa forodha anakuwa pia haonekani na mwokoaji.

Saa ya kwanza

Kazi ya uokoaji majini ina ngazi zake, na zinafanana duniani kote kwa sababu zimetoka kwenye mwongozo mmoja wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji wa baharini na angani. Ngazi ya kwanza ni ya wasiwasi: chombo kimechelewa, hakijulikani kiko wapi. Ya pili ni ya tahadhari: kimetafutwa kwa redio na simu na hakijibu, au kimeripoti hitilafu. Ya tatu ni ya dhiki: kuna hakika au sababu nzuri ya kuamini kwamba watu wako hatarini na wanahitaji msaada sasa hivi.

Faida ya mpangilio huo ni kwamba kituo hakisubiri mtu apige kelele za kuzama ndipo kianze kazi. Mtumbwi uliotakiwa kufika Goziba saa nne asubuhi na haujafika saa sita tayari umeanzisha shughuli: anapigiwa mwenye mwalo, wanaulizwa waliokuwa njiani, boti ya karibu inaambiwa ikae tayari. Kwa bahati mbaya kwenye ziwa letu ngazi ya kwanza karibu haipo. Mtumbwi ukichelewa tunasema labda injini, labda wamelala kisiwani. Tunaruka moja kwa moja hadi dhiki, mara nyingi tukiwa tumechelewa saa sita.

Muda huo una thamani gani? Maji ya Ziwa Victoria si ya barafu. Juujuu joto lake ni karibu nyuzi 25. Mtu mwenye jaketi okozi iliyofungwa vizuri anaweza kuelea kwa saa nyingi, akachoka na kupoteza joto polepole, lakini akapatikana. Asiye na jaketi ana dakika, hata kama anajua kuogelea, kwa sababu anaanguka na nguo, viatu, hofu, na watu wengine wanaomshika. Kwa hiyo jaketi humnunulia abiria saa kadhaa, na kituo cha uokoaji huzitumia saa hizo kumfikia. Jaketi bila kituo ni kuelea na kusubiri bahati, na kituo bila jaketi kitafika kukusanya miili. Vinahitajika vyote viwili, na jaketi lenyewe liwe limevaliwa. Mialoni jambo la kawaida ni kuona majaketi yamefungwa kwenye rundo moja chini ya turubai, safi kabisa, yakisubiri mkaguzi.

Nani anaratibu

Mwaka 2007 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha Sheria ya Usafirishaji katika Ziwa Victoria. Ilikuwa hatua muhimu kuliko inavyosifiwa. Mikataba mikubwa ya usalama wa bahari iliandikwa kwa ajili ya bahari, na haishuki yenyewe hadi kwenye maji ya ndani ya bara. Bila sheria ya pamoja, chombo kingeweza kukaguliwa kwa kipimo kimoja Mwanza, kwa kingine Jinja, na kisikaguliwe kabisa mahali pa tatu.

Chini ya Jumuiya, kazi ya kuunganisha mambo ya ziwa ni ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Kisumu. Kwa upande wa nchi, Tanzania ina Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, linalosimamia usalama wa vyombo. Kenya ina Mamlaka ya Bahari pamoja na Huduma ya Walinzi wa Pwani iliyoanzishwa 2018. Uganda ina idara ya usafiri wa majini katika wizara ya ujenzi na uchukuzi, na Sheria ya Usafiri wa Maji ya Ndani ya 2021. Ongeza polisi wanamaji wa kila nchi, majeshi, zimamoto, na vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU. Ukihesabu unapata taasisi nyingi kuliko boti za uokoaji kwenye baadhi ya wilaya.

Jawabu lililoandaliwa ni mradi wa kikanda wa mawasiliano na usafiri wa majini katika Ziwa Victoria, unaofadhiliwa kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mradi unaweka kituo kikuu cha kanda cha kuratibu utafutaji na uokoaji jijini Mwanza, pamoja na vituo vingine upande wa Kenya na Uganda, boti za uokoaji, na kuongeza minara ya simu ili mawasiliano yafike kwenye maeneo ya ziwa ambako simu hukatika. Hilo la minara ni la maana sana. Meli kubwa zina redio ya VHF na husikiliza chaneli 16 kwa wito wa dharura. Mtumbwi wa futi 30 hauna redio. Una simu ya nahodha ndani ya mfuko wa nailoni, na baada ya kuvuka visiwa simu hiyo ni tochi tu.

Kituo kinaporatibu, kinafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kinapokea taarifa na kuipima. Kinajua ni chombo gani kiko karibu zaidi, cha serikali au cha mtu binafsi, na kukiomba kigeuze njia. Na kinakubaliana na kituo cha nchi ya pili nani aongoze. Hili la mwisho ndilo linaloonekana dogo mpaka siku ya tukio. Boti ya polisi yenye silaha ikivuka maji ya jirani bila makubaliano ya awali si boti ya uokoaji tena machoni pa jirani. Ziwa lina kumbukumbu za wavuvi kukamatwa na zana kunyang'anywa, na mvutano wa Kenya na Uganda kuhusu Kisiwa cha Migingo umedumu zaidi ya muongo. Ruhusa ya kuvuka kwa ajili ya kuokoa inatakiwa iwe imeandikwa na kufanyiwa mazoezi wakati hakuna anayezama.

Yapo pia mambo ya nchi kavu. Mkenya aliyeokolewa na kushushwa mwalo wa Tanzania, begi na kitambulisho vikiwa chini ya ziwa, anaingia nchini kwa utaratibu gani? Kenya, Uganda na Rwanda hupokeana kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania hutumia pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Aliyenusurika hana hata kimoja. Mwili uliopatikana Kalangala wa mtu wa Musoma unavushwa kwa karatasi zipi, na nani analipa? Mpango mzuri wa dharura una kurasa za uhamiaji na za mochwari. Ni kurasa zisizopendeza, lakini zikikosekana jamaa hukaa siku nne mpakani na jeneza.

Wavuvi hufika kwanza

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Waliokufa ni 19 na walionusurika 24. Waliofika kwanza hawakuwa askari. Walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana Majaliwa Jackson alitumia kasia kusaidia kufungua mlango. Serikali ilimpa Sh1 milioni na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilitaja udhaifu katika uokoaji, ukiwamo upungufu wa hewa kwa wapiga mbizi na mafuta ya boti.

Tumemshangilia Majaliwa, na alistahili. Lakini ukilisoma tukio lile kwa jicho la mipango, linasema kwamba mvuvi ndiye kikosi cha kwanza cha uokoaji katika ziwa hili, siku zote, kwa sababu ndiye aliye karibu. Basi apewe anachohitaji: kamba ndefu, maboya ya kurusha, mafunzo ya siku mbili ya namna ya kumkaribia mtu anayezama bila kupindua mtumbwi wake, na uhakika kwamba mafuta aliyochoma akiokoa yatarudishwa. Mwenye mtumbwi aliyeacha nyavu zake kwenda kuokoa anapoteza kipato cha usiku mzima. Mara ya kwanza atakwenda kwa utu. Mara ya tano atakwenda pia, lakini nahodha mwenzake atajifanya hakusikia.

Usiku ndiyo hatari

Ajali nyingi za mitumbwi hazina siri kubwa. Ni kuzidisha mzigo, injini moja isiyo na akiba, na dhoruba. Kuhusu dhoruba, wanasayansi wameeleza jambo ambalo wazee wa visiwani walilijua kwa macho. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, upepo unavuma kutoka majini, na mvua za radi hujengeka juu ya nchi, hasa upande wa mashariki. Usiku mambo hugeuka. Nchi inapoa, pepo kutoka pande zote za pwani zinakutana juu ya ziwa lenye joto, hewa yenye unyevu inapanda, na radi zinalipuka katikati ya maji kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi.

Sasa linganisha na ratiba ya mchuuzi. Anatoka kisiwani saa nane au tisa usiku ili awahi soko la alfajiri. Ameichagua ile ile saa ambayo ziwa huchagua kuchafuka.

Mamlaka za hali ya hewa za Tanzania, Kenya na Uganda hutoa utabiri maalumu wa ziwa wenye nguvu ya upepo, mawimbi na uwezekano wa mvua ya radi kwa kila eneo. Mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, ulisaidia kuuboresha utabiri huo na kuufikisha kwa wavuvi kupitia redio za jamii na viongozi wa fukwe. Tathmini yake ilikadiria kwamba vifo vya majini vinavyotokana na hali mbaya ya hewa vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa fedha iliyotumika, sijaona kifaa cha uokoaji kinachokaribia hesabu hiyo. Taarifa iliyofika saa kumi na mbili jioni ikamfanya nahodha alale haihitaji wapiga mbizi.

Meli kubwa, hatari ya aina nyingine

Biashara ya ziwa inarudi kwenye meli, na hilo ni jema. MV Victoria ilirudi kazini 2020 baada ya ukarabati, ikiwa na uwezo wa abiria 1,200. MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, imeundwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. MV Umoja inavusha mabehewa kati ya Mwanza na Port Bell, na Kenya imeunda MV Uhuru II pale Kisumu. Meli hizi ni salama kuliko mtumbwi kwa mbali. Lakini ajali ya meli yenye watu 1,200 katikati ya ziwa haiokolewi kwa boti nne za mwendo kasi zinazochukua watu 20 kila moja. Inahitaji meli nyingine kubwa ijulikane iko wapi saa hiyo, na iwe imefanya zoezi la kupokea watu kutoka kwenye maboti ya kujiokolea. Zoezi la namna hiyo, la nchi tatu, lenye abiria wa kuigiza na usiku wa kweli, lingetuambia mengi kuliko semina kumi za hotelini.

Kuna na mafuta. Tangu gati la mafuta la Kisumu likamilike 2018, na kituo cha kupokelea cha Bugiri-Bukasa karibu na Entebbe kianze kupokea shehena, petroli na dizeli zinavuka ziwa kwa matangi yanayoelea badala ya malori. Barabara ya Busia inapumua. Lakini Kampala inakunywa maji yanayovutwa Ggaba, Mwanza inakunywa kutoka Capripoint, na maji ya Ihelele, Misungwi, yanasafirishwa hadi Shinyanga na Kahama. Mafuta yakimwagika, saa za kwanza ni za kuweka maboya ya kuzingira, kufunga mabomba ya kuvuta maji na kuwaonya wavuvi. Vifaa vya kuzingira vikiwa ghalani umbali wa siku mbili ni mapambo. Na swali la nani analipa, mwenye chombo, mwenye mafuta au serikali, lazima liwe na jibu kabla, kwa sababu soko la samaki litafungwa kwa uvumi tu, hata kama doa la mafuta ni dogo. Mnunuzi wa sangara aliye Ulaya hatatofautisha ghuba moja na nyingine.

Mali yako nayo

Mei 2005 MV Kabalega na MV Kaawa za Uganda ziligongana ziwani. Kabalega ikazama. Haikuwa ajali ya misiba mikubwa, na labda ndiyo maana imesahaulika. Lakini Kaawa na Pamba zilipoteza vyeti vya usalama, na Uganda ikakaa miaka mingi bila meli zake za mabehewa. Mzigo ukahamia barabarani, gharama ikapanda, na njia ya kusini kupitia Mwanza ikafifia. Kwa mfanyabiashara, hiyo nayo ni dharura, ingawa haina ving'ora.

Dunia iliona kitu kama hicho kwa ukubwa wake Machi 2021, meli ya Ever Given yenye urefu wa mita 400 ilipoziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Mfereji ule una faida moja ambayo ziwa letu halina: mamlaka moja, mwenye amri mmoja, boti za kuvuta na mashine za kuchimba mchanga zikiwa chini ya mkono mmoja. Hata hivyo wenye mizigo kwenye meli ile walijifunza kanuni ya kale ya bahari, kwamba gharama ya kuokoa meli na shehena hugawanywa kwa wenye mali wote, hata yule ambaye kontena lake halikuguswa. Asiye na bima alitakiwa kuweka dhamana ya fedha kwanza ndipo achukue mzigo wake.

Mchuuzi wa ziwani asidhani hayo ni ya matajiri. Soma nyuma ya hati ya mzigo uliyopewa. Kama hukupewa hati, huna mzigo, una hadithi. Uliza kama bima inagusa safari ya majini au inaishia bandarini, kwa kuwa bima nyingi za mizigo ya lori zinaishia gatini. Wanaosafirisha kwa kundi, kama vikundi vya akina mama wa dagaa, wanaweza kukata bima moja kwa shehena nzima kwa bei ambayo mmoja mmoja asingeimudu. Na kila mzigo uwe na njia ya pili. Tangu 19 Juni 2025 Daraja la JP Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limeondoa kivuko kwenye barabara ya Mwanza kwenda Geita, Bukoba na Mutukula. Meli ikisimama, lori halisubiri tena foleni ya pantoni. Ni ghali kuliko maji, lakini samaki wabichi hawasubiri tume ya uchunguzi.

Kwa anayepanda mtumbwi kesho, kuna jambo lisilohitaji mradi. Acha karatasi pwani, kwa ofisi ya BMU au kwa mtu wako: majina ya waliopanda, rangi na jina la mtumbwi, namba ya simu ya nahodha, saa ya kuondoka, saa ya kufika na mwalo unaokwenda. Mpe aliyebaki namba ya dharura ya polisi wanamaji wa pande zote mbili za mpaka, na mwambie apige saa moja baada ya muda kupita, asingoje jioni. Akipiga aseme mahali mlipotarajiwa kuwa, mko wangapi na chombo ni cha aina gani. Ndivyo ngazi ya wasiwasi inavyoanza.

Upande wa serikali, tazameni Juni, nchi za Jumuiya zinaposoma bajeti zao. Majengo ya vituo, boti na mitambo ya redio vimelipiwa kwa fedha za mradi. Mafuta ya boti, posho ya zamu ya usiku, matengenezo ya injini na kujaza mitungi ya hewa ya wapiga mbizi havilipiwi na mradi milele. Vinatakiwa viwe na fungu lake, kila mwaka, katika kila nchi. Wawakilishi wa wafanyabiashara wanaokaribishwa kutoa maoni ya bajeti Dodoma, Nairobi na Kampala kwa kawaida huzungumzia viwango vya kodi. Fungu hilo la uokoaji nalo lina ukurasa wake kwenye vitabu vya bajeti, na kiasi kilichoandikwa hapo kinaweza kuulizwa.